Bakuli la Wali Upande wa Moto

Kufuli lile nililinunua mimi. Naanza na hilo kwa sababu kijijini kwetu wapo wanaosema ilikuwa akili ya Sun-deok, na Sun-deok, kwa tabia yake, hajawahi kuwakanusha. Akili ilikuwa yangu, pesa zilikuwa zangu, na kama siku ile angenisikiliza mimi badala ya kuyaamini macho yake, leo ningekuwa nawasimulia habari za polisi.

Maeng Sun-deok ni muuza tofu. Nyumba yake na mashine yangu ya kusaga mchele zinatenganishwa na ukuta mmoja, kwa hiyo miaka ishirini na sita nimeamshwa na harufu ya maharage yake yanayochemka. Ana miaka sitini na minne. Alipokuwa na kumi na minne alipelekwa Seoul kushona nywele za bandia kiwandani, mshahara ukawa ada ya shule ya kaka zake wawili. Kaka hao sasa ni mabwana wakubwa wa mjini, na humpigia simu kila Mwaka Mpya, wakikumbuka. Baba alipofariki, ni yeye aliyerudi kumtunza mama. Hakuolewa. Ukimuuliza kwa nini, anasema maharage hayakumpa nafasi.

Mama yake sote tunamwita Bibi Yeongwol, kwa kuwa alikuja kuolewa kutoka Yeongwol, na huku mwanamke huitwa kwa jina la alikotoka. Alikuja akiwa na miaka kumi na saba. Nyumba za enzi hizo zilikuwa na sakafu ya moto ya kweli: jiko la kuni nje ya ukuta wa nyuma, moshi na moto vinapita chini ya mawe bapa yaliyokandikwa udongo, kisha vinatokea kwenye bomba upande wa pili. Upande wa moto, kule ndani karibu na jiko, ni wa heshima. Huko hulala baba mkwe na mama mkwe. Mgeni akija, hukaribishwa huko. Mkwe mpya hulala mlangoni, kwenye upepo, maana ndiye anayeamka kwanza kwenda kuwasha huo moto ambao yeye haumfikii. Wakwe wa Bibi Yeongwol waliishi sana. Walipokufa, mumewe akaugua kifua, akahamia yeye upande wa moto. Mume alipokufa, wanawe wakavunja sakafu ya zamani, wakaweka ya mabomba ya maji ambayo joto lake ni vuguvugu kila mahali, kama chai ya mgonjwa. Halafu akavunjika nyonga, akapelekwa hospitali ya wazee, kitanda cha chuma.

Siku moja Sun-deok alikuwa anamlisha uji, bibi akamwambia, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa tu, “Unajua, mimi sijawahi kulala upande wa moto hata usiku mmoja.”

Sun-deok alirudi na bakuli la uji likiwa nusu. Alikaa kwenye kiti changu pale mashineni, akaniuliza kama namjua fundi wa vyumba vya udongo.

Ndivyo tulivyompata Tak Chil-bok. Fundi wa tarafa ya jirani, miaka hamsini na saba, mikono kama koleo, mdomo kama wa wakili. Waliandikiana mkataba, wakagonga mihuri yao: chumba kimoja cha udongo nyuma ya nyumba, sakafu ya kuni ya kizamani, upande wa moto uwe ndani kabisa, mbali na mlango. Won milioni kumi na mbili. Nane zilitolewa kidogo kidogo kazi ikiendelea, nne za mwisho zitolewe chumba kikikamilika. Daktari wa hospitali alikwisha kusema bibi ataruhusiwa kuja nyumbani kwa ajili ya Mwaka Mpya wetu, ule unaohesabiwa kwa mwezi, na kama chumba kitamfaa, abaki. Ana miaka tisini na mmoja. Hakuna aliyesema habari za mwaka unaofuata.

Kazi iliisha Novemba. Chumba kilipendeza, sitasema uongo. Paa zuri, dirisha zuri, moshi unapanda moja kwa moja. Sun-deok akawasha kuni asubuhi, akachukua bakuli la shaba lenye kifuniko, akalijaza wali wa moto, akaliweka upande wa ndani na kulifunika kwa tandiko. Hivyo ndivyo mama zetu walivyomwekea chakula mtu aliyechelewa kurudi: hata akija jioni, anakuta wali unatoa mvuke. Jioni akafunua. Wali ulikuwa umeganda, ungeweza kuurusha ukavunja kioo. Alipopapasa sakafu mlangoni kutafuta kijiko alichoangusha, akaunguza kiganja. Joto lote lilikuwa limekimbilia mlangoni.

“Udongo bado mbichi,” akasema Fundi Tak. “Subiri wiki mbili.”

Tukasubiri wiki mbili. Bakuli likatoka baridi vilevile.

“Tatizo ni kuni zako,” akasema sasa.

“Kuni umechagua wewe.”

“Basi ni bakuli. Dada, hakuna sakafu duniani inayopimwa kwa bakuli la wali!”

“Ya mama yangu inapimwa hivyo. Hupati hata won moja.”

“Na wewe hupati ufunguo.”

Kesho yake akaja na godoro, birika na gunia la mchele, akaingia chumbani na kufunga. Mbele ya ukuta akatandaza kitambaa cha plastiki chenye maandishi mekundu ambayo hata mtu aliyeko kwenye basi angeyasoma: CHUMBA HIKI KINASHIKILIWA NA FUNDI AMBAYE HAJALIPWA. Ua mzima wa Sun-deok ukageuka kituo cha maonyesho. Watu ambao hawajala tofu tangu wazaliwe wakaanza kuja kununua tofu.

Husemwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sun-deok wangu, siku ya tatu, alimpa mgeni bakuli la tofu laini ya moto. Aliliweka kwenye jiwe la mlangoni, akagonga, akaondoka huku anamlaani kwa sauti. Na siku ya nne hivyohivyo.

“Una wazimu?” nikamuuliza. “Anakunyang'anya chumba, wewe unamlisha?”

“Mama Du-ho, mtu akiwa ndani ya ua wangu hashindi na njaa. Kugombana tutagombana ameshiba.”

Nilikasirika mpaka nikavunja ufagio. Mimi si mtu mvumilivu, na sijawahi kudai kuwa ni mvumilivu.

Mwisho wa Desemba alikuja yule wakili anayetembelea ofisi ya tarafa mara moja kwa mwezi kuwasikiliza watu bure. Msichana mdogo tu, Wakili Seonu, pua nyekundu kwa mafua. Tukaingia wote wawili. Akasoma mkataba mara mbili.

“Shangazi,” akamwambia Sun-deok, “chumba kinasimama? Paa halivuji?”

“Halivuji.”

“Moshi unatoka?”

“Unatoka. Ila upande wa moto ni baridi.”

“Kuna fundi mwingine aliyekuambia kurekebisha itagharimu kiasi gani?”

Alikuwapo mmoja, aliyeangalia picha na mkataba. Alisema milioni moja na nusu.

“Basi hiyo milioni moja na nusu una haki ya kuizuia mpaka arekebishe,” akasema wakili. “Milioni mbili na nusu zilizobaki ni zake. Kazi hiyo ameifanya.”

Nikaruka. “Zake vipi? Ameharibu!”

“Mama, ameharibu sehemu. Huwezi kuzuia gunia zima kwa sababu kisado kimoja kina mawe.” Akapenga kamasi, akamgeukia Sun-deok. “Akienda mahakamani na akashinda kwa hizo mbili na nusu, tangu kesho yake baada ya wewe kupokea karatasi ya mashtaka, unaweza kudaiwa riba ya kumi na mbili kwa mia kwa mwaka juu yake. Na chumba hajakukabidhi bado, kwa hiyo maadamu kuna kiasi anachokudai kwa haki, ana haki ya kukishikilia mpaka alipwe.”

“Chumba changu mwenyewe?” akauliza Sun-deok.

“Chako mwenyewe. Na nakuomba sana, usivunje mlango, usibadilishe kufuli. Kitu chako kikiwa mikononi mwa mtu anayekishikilia kihalali, ukikinyakua kwa nguvu unakuwa umetenda kosa la jinai. Kesi ambayo ungeweza kuishinda nusu, utaiharibu yote.”

Sun-deok akauliza, “Na nikimshtaki mimi, aitengeneze sakafu?”

“Mahakama itateua mtaalamu wa kupima sakafu. Ukiwa na bahati, majira ya joto utakuwa na majibu. Una ushahidi gani kwamba ni baridi?”

“Bakuli la wali.”

Wakili yule alitutazama kwa huruma. Ilikuwa huruma ya kweli, nakiri leo. Siku ile niliiona dharau. “Shangazi, bakuli la wali halijawahi kupanda kizimbani.”

Tulirudi kwa miguu. Theluji ilikuwa inaanza. Mwaka Mpya ulikuwa umebaki wiki tano, na majira ya joto yako mbali mno kwa mtu wa miaka tisini na mmoja. Tulipofika kwenye daraja Sun-deok akasema, “Ananijua mtoto yule. Nilizuia milioni zote nne kwa hasira. Nilijua kabisa kwamba paa ni zuri.”

“Usianze!” nikamwambia. “Mtoto yule anajua vitabu, hajui kijiji. Jumapili Tak anakwenda bafu la umma, saa mbili nzima analoweka mifupa. Saa mbili! Kubadilisha kufuli ni dakika kumi. Akirudi atakuta godoro lake barabarani, aende akamshtaki nani? Mlango?”

Hakujibu. Na mimi, mtu asiponijibu, huwa nahesabu amekubali. Jioni hiyo hiyo nikapanda basi kwenda kununua kufuli.

Jumapili Fundi Tak alitoka na taulo shingoni kama kawaida yake. Nilimwacha mashineni mwanangu wa kiume aliyekuja likizo ashike zamu, nikasimama langoni kwa Sun-deok nikijifanya naondoa theluji. Sun-deok akatoka jikoni na kufuli kwenye mfuko wa aproni na bisibisi mkononi. Hakuwa na uso wa mwizi. Alikuwa na uso wa mtu anayekwenda kung'olewa jino.

Akafika mlangoni. Fundi Tak alikuwa ameuacha umerudishwa tu, hakufunga. Sun-deok akauvuta ili apate nafasi ya bisibisi. Kisha akasimama. Akasimama sana.

“Fanya haraka!” nikanong'ona kutoka langoni. “Theluji imeisha hapa, sasa nazoa nini?”

“Njoo uone.”

“Nione nini? Mwanaume analoweka mifupa tu, hajahama!”

“Mama Du-ho. Njoo.”

Nikaenda. Hakuvuka kizingiti, wala mimi sikuvuka. Hatukuhitaji. Godoro la Fundi Tak lilikuwa hapo hapo miguuni petu, limebanwa mlangoni kabisa mpaka upande mmoja ulikuwa umekunjwa na mlango. Mto, blanketi, miwani, soksi, vyote mlangoni. Na kule ndani, upande wa moto, upande wa heshima aliouapia mbele ya kijiji kizima kwamba ni moto wa kuchoma ngozi, alikuwa ameweka ndoo yake ya kabichi ya kuchachusha, mahali baridi, isiharibike.

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye theluji. Sun-deok hakucheka. Alitoa kufuli mfukoni akaliweka juu ya jiwe la mlangoni, pale alipokuwa akiweka bakuli, akaweka bisibisi pembeni yake, akaketi kwenye ngazi kumsubiri. Nikamwambia twende, tupige picha twende kwa wakili. Akasema ataongea naye kwanza.

Fundi Tak akarudi mwekundu kama aliyechemshwa. Akaliona kufuli. Akatuona sisi. Kwanza akafungua mdomo, na najua alichotaka kusema, maana alikuwa anaijua sheria kuliko sisi.

“Kufuli lako sikuligusa,” akasema Sun-deok. “Nilikuja kulibadilisha na sikulibadilisha. Nikuulize kitu, Fundi. Mbona unalala mlangoni?”

“Nalinda mlango.”

“Unalinda mlango uliouacha wazi?”

“Napenda hewa.”

“Januari?” nikadakia. “Na kabichi je, nayo umeipa upande wa heshima kwa sababu ni mama mkwe wako?”

Alijaribu kukaza uso, ukakataa kukazika. Akakaa kwenye ngazi, mbali kidogo na Sun-deok, taulo mapajani. Sun-deok akamweleza habari za mama yake. Hakupamba. Alisema miaka ya wakwe, miaka ya kifua cha baba, kitanda cha chuma, na ile sentensi moja ya siku ya uji. Alisema, “Nikimleta nikamlaza kwenye joto la chumba hiki, nitakuwa nimemlaza mlangoni tena. Kwa pesa yangu mwenyewe.”

Fundi Tak akalikunja taulo lake.

“Majira matatu ya baridi yaliyopita,” akasema, “nilijenga chumba kule bondeni. Nikaweka udongo mwembamba upande wa moto. Karatasi ngumu inayobandikwa juu ya sakafu ikaungua, ikawa nyeusi kama sufuria. Mwenye nyumba akaninyima malipo yote, akawaonyesha watu, nikachekwa tarafa nzima. Hapa kwako niliogopa. Nikaweka udongo wa shubiri moja na nusu, juu ya mawe mazito kuliko yote niliyokuwa nayo. Haukauki ule. Moto unaupita, unakwenda kutokea mlangoni kwenye mawe membamba. Nilijua usiku wa kwanza nilipolala.”

“Ukalala wiki sita mgongo unakuuma, husemi?” akauliza Sun-deok.

“Nikisema, unanipa hata moja katika zile nne?” Sauti ilipanda, kisha ikashuka. “Vibarua wawili nimewalipa kwa kukopa kwa shemeji. Dada, sakafu ni mbovu, lakini ukuta je? Paa je? Dirisha lile je? Hivyo vyote umevipata bure?”

Nilikuwa tayari na jibu, na lilikuwa jibu zuri. Sun-deok akaniwahi.

“Hapana,” akasema. “Hapo nilikukosea. Wakili aliniambia na nilijua kabla hajaniambia. Mbili na nusu ni zako, kesho asubuhi nakwenda benki. Moja na nusu inabaki kwangu mpaka upande wa moto uwe wa moto. Unakubali?”

“Nani atapima?”

“Bakuli la wali.”

Akamtazama. Fundi akacheka kwa pua. “Haya. Bakuli la wali.”

Waliandika karatasi kwenye meza yangu ya kupimia mchele, kwa sababu kwa Sun-deok kila kitu kina maji ya maharage. Kiasi hiki kinalipwa kesho, kiasi hiki kinazuiliwa kwa ajili ya sakafu, fundi anarekebisha kabla ya Mwaka Mpya, anakabidhi ufunguo siku akilipwa cha mwisho. Wakagonga mihuri, na mimi nikagonga wangu kama shahidi. Ile karatasi ina unga wa mchele mpaka leo.

Kesho yake pesa zikaingia kwenye akaunti ya Fundi Tak, naye akapanda ngazi kukitungua kitambaa chake chenye maandishi mekundu. Sun-deok hakutaka kitupwe. Alifunikia kuni zisilowe, maandishi yakiwa kwa ndani.

Wiki nne hazikuwa nyingi. Fundi Tak aling'oa karatasi, akachimbua udongo, na kweli ulikuwa mbichi chini, unanata kama unga uliokandwa. Alibadilisha mawe. Alikanda udongo mpya kwa miguu, mwembamba kiasi, na kila sehemu aliyomaliza alikuwa anaipima kwa upana wa vidole na kunung'unika peke yake. Niliburutwa nibebe ndoo, mimi mwenye mgongo mbovu, eti kwa sababu aliyenunua kufuli lazima ashiriki. Moto mdogo uliwashwa kila siku kuukausha. Theluji ilianguka siku tatu mfululizo na sote tukakata tamaa, kisha likaja jua kali la baridi. Karatasi mpya ilipobandikwa, Sun-deok alisaga maharage yake bora, akayachanganya na mafuta, akayafunga kwenye kitambaa na kuipaka sakafu yote kwa mikono yake, mara saba, mpaka ikawa ya manjano na kung'aa. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kumsaidia hiyo kazi.

Zilipobaki siku tatu, bakuli likawekwa. Moto asubuhi, kuni zilezile, tandiko lilelile. Fundi Tak hakwenda popote siku hiyo. Alizunguka ua mara nyingi kuliko kuku wangu. Alasiri alikuja mashineni akaniuliza kama shaba huwa inapoteza joto haraka. Nikamwambia sijui, mimi ni mtu wa mchele. Akaniuliza basi kama mchele wa mwaka huu unapoteza joto haraka. Nikampa keki ya mchele anyamaze.

Jioni Sun-deok akafunua. Mvuke ukampanda usoni, miwani ikaingia ukungu, na kwa muda hakuona kitu. Alichukua kijiko akala kijiko kimoja, akampa Fundi Tak kijiko akala kimoja. Kwangu hakikufika. Kisha akaingia ndani akatoka na bahasha ya milioni moja na nusu, akaitoa kwa mikono miwili, na yeye akaipokea kwa mikono miwili, na ufunguo ukaenda upande wa pili kwa namna hiyohiyo. Kufuli langu lilikuwa bado juu ya lile jiwe, limeanza kutu. Nililichukua nikafungia banda la kuku.

Mkesha wa Mwaka Mpya gari la hospitali lilimleta Bibi Yeongwol. Alikuwa amekuwa mdogo, mwepesi, tungeweza kumbeba na kofia yake kwa mkono mmoja. Fundi Tak alikuwa nyuma ya ukuta anasukuma kuni, ingawa hakuna aliyemwita wala kumlipa kwa hilo. Tukamwingiza bibi chumbani, tukamweka chini taratibu. Nilikwenda kumchukulia mto. Niligeuka nikamkuta anajisogeza kwa viganja, kidogo kidogo, kuelekea mlangoni. Alipofika akajikunja hapo, magoti kifuani, akavuta sketi ifunike miguu, tayari kuamka kabla ya wengine.

Nikabaki nimesimama na mto mkononi.

“Mama,” akasema Sun-deok, “huko siko.”

“Hapa pananitosha.”

“Mama, wamekwisha kufa wote. Hakuna mwingine wa kulala kule.”

Tulimbeba mpaka ndani, tukamlaza chali upande wa moto. Mwanzo alikaza mwili kama mtu aliyelala kwenye godoro la watu. Halafu nikaona mabega yanashuka. Aliweka kiganja kwenye sakafu ya manjano, akakisogeza polepole, akakirudisha. Nje tulisikia kuni zinaanguka ndani ya jiko.

“Pana joto, Mama?” Sun-deok akauliza.

Bibi alikuwa anatazama dari.

“Kumbe hivi ndivyo walivyokuwa wakilala,” akasema.

Alifumba macho nikadhani amesinzia. Kisha akafumbua, akamtafuta binti yake chumbani, na kumwona kwa mbali, ameketi kwenye kizingiti na aproni yake ya maharage, anashika mlango usipige kelele kwa upepo.

“Na wewe mbona umekaa mlangoni?” akamwambia. “Sogea huku.”

Sun-deok akavua aproni, akasogea.